Kuchanganya si kuchakachua

Haya wadau, kimya kingi kina mshindo. Test zimeisha, wengine wamekimbilia mjini kula kidogo kilichobaki kwenye bumu, na mimi nimebaki bwenini na tupa, msasa na gundi. Leo sizungumzii siasa za chuo wala foleni ya kantini. Nazungumzia vifaru. Ndiyo, vifaru vya vita, ila vile vidogo vya plastiki vinavyokaa mezani.

Najua wengine mtasema huyu mtoto wa Kiruruma ameanza kuchanganyikiwa na masomo. Ngoja kwanza. Jambo lenyewe limeleta ubishi hapa kuliko Simba na Yanga, na nina msimamo wangu ninaotaka kuuweka wazi.

Kwa wasiojua: kuna makampuni yanayouza vifaru vya mfano vikiwa kwenye boksi. Tamiya wako Japani, Trumpeter wako China, MiniArt wako Ukraine. Ukifungua boksi hukuti kifaru, unakuta fremu za plastiki zimebeba vipande mamia: gurudumu huku, mfuniko kule, mtutu pembeni. Unakata kwa wembe, unasugua kwa msasa, unabandika kwa gundi kwa kufuata karatasi ya maelekezo, halafu unapaka rangi. Kazi ya wiki au miezi, kutegemea na subira yako na umeme wa TANESCO.

Sasa kuna watu, mimi nikiwemo, hatufuati karatasi hadi mwisho. Tunachukua bodi ya boksi hili, turreti (kile kichwa kinachozunguka na mzinga wake) ya boksi lile, magurudumu ya boksi la tatu, tunapata kifaru ambacho hakuna kampuni iliyotuuzia. Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mshikaji mmoja wa uhandisi ambaye tunakaa naye chumba kimoja aliniangalia nikiwa nafanya hivyo akasema, "Wewe umekichakachua kifaru." Kwamba kama mafuta ya petroli yakichanganywa na mafuta ya taa, si petroli tena wala si mafuta ya taa. Kwamba kitu halisi ni kile kilichotoka kwenye boksi moja, kwa mkono wa fundi mmoja.

Hoja yake si ya kijinga. Ila nadhani haiko sawa, na kwa sisi watu wa Kagera haiko sawa zaidi. Nitaeleza.

Tuanze na vifaru vyenyewe vya chuma. Huyu bwana anaamini kwamba kifaru halisi ni kitu kimoja kisafi kilichozaliwa kiwanda kimoja. Historia haisemi hivyo. Mwaka 1942 Wajerumani walikuwa wamezidiwa na vifaru vya Warusi. Wakachukua bodi ya kifaru chepesi kilichobuniwa Chekoslovakia, kinaitwa 38(t), wakaondoa turreti, wakafunga juu yake mzinga wa milimita 76.2 walioukamata kwa Warusi haohao. Kikaitwa Marder III. Bodi ya Mcheki, mzinga wa Mrusi, dereva Mjerumani. Hiyo ni kuchanganya vipande vya maboksi matatu, tena kwa chuma.

Waingereza nao mwaka 1944 walikuwa na Sherman za Marekani, nyingi na imara, lakini mzinga wake haukutosha kutoboa vifaru vizito vya Wajerumani. Wao walikuwa na mzinga wao mkali, ule wanaouita wa ratili 17. Tatizo ni kwamba haukuingia kwenye turreti ya Mmarekani. Wakaulaza ubavu ndio ukaenea. Redio ikakosa nafasi, wakatoboa nyuma ya turreti wakafunga boksi la chuma kwa nje, redio ikakaa humo. Askari mmoja wa mbele akaondolewa kwenye kiti chake ili risasi za mzinga zipate pa kukaa. Ndiyo Sherman Firefly hiyo. Ukisoma habari zake unamwona fundi kabisa anakuna kichwa, anapima, anakata, anajaribu tena. Ni kama mimi na wembe wangu, tofauti ni tani thelathini na kitu.

Baada ya hapo Israeli wakachukua Sherman hizohizo za Marekani wakazitia mzinga wa Mfaransa wa milimita 105. Ilibidi waufupishe mtutu na waongeze uzito nyuma ya turreti ili isilalie mbele. Hiyo ni M-51. Na vifaru vya T-54 na T-55 vya Kirusi walivyoviteka kwa Waarabu mwaka 1967 na 1973, baadhi wakavibadilisha mzinga wakaweka wa milimita 105 wa asili ya Uingereza. Sasa niambieni, hivi "boksi moja" liko wapi hapo?

Tena si jeshini tu. Filamu ya Star Wars ya mwaka 1977, ile meli ya angani mnayoiona imejaa mabomba na vifuniko, mafundi wake walinunua maboksi ya vifaru na ndege wakachomoa vipande wakabandika. Watu duniani kote wakaamini kwamba ile ni mashine ya kweli. Hakuna aliyetoka sinema akidai nauli yake kwa sababu meli imechakachuliwa.

Nirudi nyumbani. Kwetu Kiruruma kuchanganya vipande si habari mpya. Baiskeli inayobeba mkungu wa ndizi kupanda kilima, mara nyingi fremu ni ya Phoenix ya Mchina, rimu ya nyuma ni ya Mhindi, pedeli zimetoka kwa baiskeli ya marehemu fulani, na keria amechomelea fundi wa Omurushaka kwa nondo. Hakuna mtu anayesema hiyo si baiskeli. Swali ni moja tu: inabeba au haibebi? Na inabeba kwa sababu fundi anajua ekseli ipi inakubali beringi ipi. Akikosea, mkungu na mwenye mkungu wote wanaishia mtaroni.

Na watoto je? Nani kati yenu aliyekulia Karagwe au Kyerwa hajatengeneza gari? Bodi ni kopo la mafuta ya kupikia, magurudumu yamekatwa kwenye ndala iliyochoka, ekseli ni mti au spoki ya baiskeli, taa ni vizibo vya soda, usukani ni waya mrefu unaokufikia kifuani. Wengine gari zima la mgomba. Hatukuwahi kuwa na boksi. Vipande vilitoka jalalani, jikoni na chini ya kitanda cha babu. Kwa hiyo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba huko nje kuna watu wazima wanaogombana kama ni halali kuchanganya vipande, nilicheka. Sisi tulianza hapo.

Na nyuma zaidi. Pale Bweranyange, makao ya wafalme wa Karagwe, Rumanyika alikuwa na nyumba ya vitu vya thamani vya ufalme. Stanley alipopita mwaka 1876 aliandika alivyoviona humo, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na sanamu za bata za shaba ya njano zenye mabawa ya shaba nyekundu. Mwili wa madini haya, mabawa ya madini yale. Fundi wa Karagwe hakuona aibu kuunganisha. Alijua bata wake atapendeza zaidi hivyo, na mfalme akaviweka kwenye hazina, hakuvitupa nje kwa kuwa si vya "boksi moja".

Sasa nifike kwenye kiini, maana najua mtauliza: sawa, lakini kwa nini uhangaike? Si ununue boksi la kifaru unachotaka ujenge?

Sababu ni kwamba kifaru ninachotaka si kile ambacho maboksi mengi yametengenezwa kwa ajili yake. Ninachotaka ni cha vita yetu.

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini, yakashika eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera, ile sehemu ambayo leo ni Missenyi. Wakati huo mkoa ulikuwa unaitwa Ziwa Magharibi. Tarehe 2 Novemba Mwalimu akatangaza kwamba tutampiga. Siku iliyofuata daraja la Kyaka likavunjwa. JWTZ likavuka mto, Januari 1979 likachukua Mutukula, Februari likafika Masaka, Machi likapigana Lukaya na Waganda pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sisi wa Kiruruma hatukuwa ndani ya eneo lililotekwa, lakini mto ni uleule na Murongo ni mpakani. Kila ukoo una mtu aliyeondoka.

Vifaru vya JWTZ katika vita hiyo vilitoka China. Kulikuwa na Type 59, kizito cha tani 36 chenye mzinga wa milimita 100, na mdogo wake Type 62, tani 21 tu na mzinga wa milimita 85. Wachina walimbuni huyu mdogo kwa ajili ya kusini mwa nchi yao, kwenye milima, mito na mashamba ya mpunga ambako kizito kinazama. Mtu anayezijua njia zetu za mabondeni na ile barabara ya Lukaya inayopita katikati ya kinamasi ataelewa haraka kwa nini tani 15 za tofauti si jambo dogo.

Upande wa pili, Uganda ilikuwa na Sherman zilizotoka Israeli kabla Amin hajawafukuza Waisraeli mwaka 1972, pamoja na T-54 na T-55. Walibya wakaja na T-55 zao. Na hapa ndipo panaponifurahisha: Type 59 ya Mchina ni nakala ya T-54A ya Mrusi. Kwa hiyo Lukaya walikutana ndugu wa tumbo moja. Ukisimama mbali, ukiwa na vumbi na moshi, huyu wa kwetu na yule wa Gaddafi wanafanana kama mapacha.

Boksi la Type 59 lipo, Trumpeter na MiniArt wanalo. Ila likinifikia mimi hapa chuoni pamoja na usafirishaji, ningekula uji hadi UE. Nilichopata ni viwili vya mitumba kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama: boksi la Tamiya la T-55A lililojengwa nusu, na boksi la T-54 la kampuni nyingine ambalo bodi yake ilikuwa imevunjika. Yote skeli 1/35. Kwa mujibu wa mshikaji wangu, hivyo ni takataka mbili. Mimi nikaona Type 59 moja.

Kwa nini inawezekana? T-55 ilikuja baada ya T-54, na zinafanana sana chini. Juu ndiko kuna siri. T-54 ina kibonge cha feni kama kichuguu kidogo, juu ya turreti mbele upande wa kulia, na T-55 haina. Type 59, kwa kuwa ilimfuata T-54A, inacho. Kwa hiyo bodi ya Tamiya ikakaa chini, turreti ya T-54 juu, na bunduki ya kupigia ndege ya milimita 12.7 nikaitoa kwenye boksi la T-54. Magurudumu nayo nikachukua ya T-54, yale yenye mbavu kama nyota, matano kila upande, na ile nafasi kubwa kati ya la kwanza na la pili ambayo ndiyo alama ya ukoo mzima.

Haikuingia tu kirahisi. Kampuni mbili hazikubaliani hata kwenye kitu kimoja. Shingo ya turreti ilikuwa inacheza kwenye tundu la bodi kama kifuniko cha sufuria nyingine. Nikakata pete kwenye ile kadi ya plastiki inayobeba laini ya simu, nikaibandika, nikasugua, nikapima, nikasugua tena. Matundu ya ekseli nikayapanua kwa ncha ya bikari. Ufa uliobaki nikaujaza puti, ileile wanayotumia mafundi wa bodi za magari. Siku nne. Ila turreti sasa inazunguka na haitingishiki.

Sasa msije mkadhani nasema changanya chochote na chochote. La hasha. Nina masharti matatu, na hapa ndipo ninapokubaliana na mshikaji wangu kidogo.

Sharti la kwanza ni skeli. Tulisoma jiografia sote: ramani ya 1:50,000 huwezi kuigundisha na ya 1:250,000 ukategemea barabara ziendelee. Vifaru ni hivyohivyo. Type 59 ina upana wa mita 3.27. Katika 1/35 hiyo ni milimita 93. Katika 1/48 ni 68. Katika 1/72 ni 45. Ukiweka turreti ya 1/48 juu ya bodi ya 1/35 unapata mtu mzima aliyevaa kofia ya mtoto. Mtego mkubwa zaidi uko kwenye Type 62. Kwa kuwa inafanana na kaka yake ila imepungua, mtu anaweza kushawishika kuchukua Type 59 ya skeli ndogo kidogo akaiita Type 62 ya 1/35. Kwa mbali itadanganya. Lakini angalia mifuniko ya kuingilia. Wachina walipopunguza kifaru hawakupunguza askari. Mtu wa mita 1.75 katika 1/35 ni milimita 50, awe anaingia kifaru kikubwa au kidogo. Mfuniko ukiwa hautoshi mabega yake, kila kitu ni uongo. Mimi sasa nikipima kitu naanza na mtu, kifaru baadaye.

Sharti la pili ni sababu. Kila kipande cha kigeni kiwe na jibu la "kwa nini". Firefly ina boksi nyuma kwa sababu redio ilikosa nafasi. M-51 ina uzito nyuma kwa sababu mtutu ulikuwa mrefu. Baiskeli ina rimu ya Mhindi kwa sababu ya Mchina ilipinda. Ukibandika mizinga miwili kwa kuwa inatisha, hilo ni pambo, kaliweke kwenye filamu ya angani, nitakupigia makofi. Ila usiliite la Kagera.

Sharti la tatu ni kusema. Chini ya kifaru changu nimebandika karatasi: bodi ya T-55A, turreti na magurudumu ya T-54, pete ya kadi ya simu, imejengwa kuwa mfano wa Type 59 ya JWTZ, 1979. Hapo ndipo tofauti ya kuchanganya na kuchakachua ilipo. Anayechakachua mafuta hakuandikii kwenye pampu. Anataka usijue. Mimi nataka ujue, tena nakuonyesha mshono. Kwa sababu hiyohiyo sikuweka namba ubavuni. Namba ya kubuni ingependeza, lakini kifaru chenye namba kilikuwa na watu ndani, na watu wale wana familia.

Mshikaji akaja na hoja nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Akasema: sawa, lakini boksi lina utafiti. Watu wa kampuni walikwenda makumbusho wakapima kila bolti. Wewe unapima kwa bikari bwenini. Nani ataaminiwa?

Hoja hiyo niliifikiria sana, jibu nikalipata kwa baba mkubwa likizo iliyopita. Yeye mwaka 1978 alikuwa kijana wa mgambo, akachukuliwa, akafika hadi ng'ambo. Si mtu wa kuongea habari hizo. Niliweka kifaru mezani, hakijapakwa rangi vizuri, nikamwamkia, nikakaa. Akakiangalia kwa muda mrefu. Hakuuliza kibonge cha feni. Hakuuliza magurudumu. Akasema, "Mwanangu, mbona hakina majani?"

Nikamuuliza majani gani. Akaniambia vifaru alivyokuwa anatembea nyuma yake vilifunikwa matawi na majani ya migomba, kwa ajili ya ndege. Majani yakinyauka wanakata mengine. Na nyuma palikuwa na madumu ya maji, masufuria, mikeka, magunia, na askari waliochoka wamekaa juu ya vyote hivyo. "Chuma chenyewe ulikuwa hukioni sana, waitu," akasema. "Ulikuwa unasikia tu."

Wadau, hakuna boksi lenye majani ya mgomba. Hakuna. Wale waliopima bolti walipima vizuri, nawaheshimu, lakini walipima kifaru kilicholala makumbusho. Aliyekifuata kwa miguu alikuwa na kipande ambacho kampuni haina. Nikaenda shambani nikachukua jani lililokauka, lile jepesi kama karatasi, nikakata vijani vidogo kwa mkasi wa kucha, nikapaka rangi ya kijani. Dumu nimetoa kwenye boksi la T-54. Mkeka nimesuka kwa uzi. Sasa kifaru changu kina vipande vya Japani, vya kampuni nyingine, vya kadi ya simu na vya shamba la Kiruruma. Na ndipo baba mkubwa alipokivuta karibu.

Kwa hiyo jibu langu kwa mshikaji ni hili: boksi linaaminiwa kwa chuma, na mimi naliamini pia. Lakini vita haikuwa chuma tu, na kwa hiyo boksi peke yake halitoshi.

Kuna watakaosema kwamba haya yote ni kutukuza vita. Nimefikiria na hilo. Mtu aende Kaboya, pale Muleba, aone makaburi ya wanajeshi yaliyopangwa mistari. Aende Kyaka aone magofu ya kanisa. Hatatukuza chochote. Kinachonisumbua mimi ni kinyume chake. Wadogo zangu pale nyumbani wanazijua Tiger za Wajerumani kwa majina, wanaijua Abrams ya Marekani, kwa sababu ya magemu ya simu. Ukiwauliza kifaru gani kilivuka mto wa kwao, wanakuangalia tu. Na wale waliokuwa vijana mwaka 1978 sasa wanakaribia miaka 70, wengine wamepita. Ukisubiri kampuni ya nje ikuletee boksi lililoandikwa Kagera 1979, majani ndani, mikeka ndani, utasubiri hadi hakuna mtu wa kukuuliza mbona hakina majani.

Ndiyo maana nimeamua kifaru hiki hakitakaa bwenini. Nitakipeleka nyumbani, nikiomba shule ya sekondari inipe rafu moja ya kabati kwenye darasa la historia, pamoja na ile karatasi ya chini inayotaja kila kipande kilikotoka. Mtoto akikishika ajue mambo mawili kwa pamoja: kifaru kilikuwa hivi, na hiki kimetengenezwa kwa vitu vilivyokuwepo. Pengine la pili litamsaidia zaidi. Pengine naye ana babu mwenye kipande changu kinachokosekana.

Kinachofuata ni Type 62. Natafuta bodi, hata iliyovunjika, mradi iwe 1/35. Mwenye boksi lililomshinda asilitupe.

Naomba kuwasilisha.